Jina la Baba wa Kasimu

Ngamiani, Tanga
4 Juni 2016

Mwanangu Burhani,

Salamu za Mola zikufikie huko kwenye baridi. Huku tupo. Goti langu la kulia limeamua kuishi maisha yake peke yake, halinisikilizi, na masikio ndiyo hayo unayoyajua: simu nikiiweka nasikia upepo tu. Kwa hiyo usinipigie, utamaliza pumzi yako bure. Karimu anaondoka Jumanne kwa basi la Tunduma kuja huko kufuata mablanketi yake ya biashara, nimemwambia hii akupe mkononi, asimpe mtu.

Jirani yangu amejifungua pacha, wote wa kike, wanalia kwa zamu. Paa la jikoni nimelibadilisha. Na wewe mke bado? Nauliza tu. Miaka kumi na minane Sauzi si siku mbili, baba.

Sasa sikiliza. Alhamisi tulisoma hitima ya Shaabani kuwarehemu wazee wetu. Unakumbuka inavyokwenda: Maalim Othmani anafungua daftari la marehemu, anasoma jina moja moja na jina la baba yake, watu wanaitikia. Fulani bin fulani, fulani binti fulani. Akafika kwa baba yangu mzazi, babu yako. Akasoma: "Kasimu bin Mwantumu." Katika daftari zima baba yangu peke yake ndiye anayeitwa kwa jina la mama yake, kama mtoto asiye na ndoa nyuma yake. Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu. Mgeni mmoja akageuka kunitazama. Burhani, nina miaka sabini na moja, na kila Shaabani mwili unanifa ganzi nikijua jina lile linakaribia.

Hadithi unaijua. Babu yangu alikuwa Mmarekani, Edwini Toliva. Alikuja Muheza enzi ya Mjerumani kupanda miti ya mpira, akamwoa Bibi Mwantumu, akasilimu akaitwa Nuhu. Mwaka 1913 bei ya mpira ikaanguka, akaenda Johannesburg kwenye machimbo ya dhahabu, akisema atakuja kuwachukua. Baba yangu alikuwa na miaka mitatu. Hakurudi na wala hakuandika.

Nimemfuata Maalim. Kaniambia, "Bi Mwanaharusi, mimi sina ubaya na mtu. Nipatie andiko lolote linaloonyesha yule mtu alikufa Mwislamu, nami nitaandika bin Nuhu kwa mkono wangu mwenyewe."

Wewe uko mji uleule alikopotelea. Nitafutie. Sitaki na mimi nifukiwe kisha nisomwe hivyohivyo.

Shangazi yako,
Mwanaharusi


Rosettenville, Johannesburg
21 Agosti 2016

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Karimu amenipa barua yako akiwa amesimama nje ya geti, mzigo kichwani, hata chai hakunywa. Nimeisoma mara tatu. Pole na goti. Huyo jirani na pacha wake mpe hongera, mwambie walie tu, nyumba isiyo na kilio cha mtoto ni baridi.

Mimi naendelea. Bado nashona kwa Marcellin, yule Mkongo wa Lubumbashi niliyekutajia. Msimu huu ni sare za shule na majoho ya kwaya. Baridi ya mwaka huu imeingia mpaka kwenye mafuta ya cherehani, asubuhi tunaiwekea taa pembeni ndipo ikubali kuzunguka. Nikimaliza kazi narudi chumbani kwangu, napika ugali wangu, nakula. Ya mke tuyaache kwanza.

Habari ya Toliva nitajaribu, lakini shangazi, usiweke matumaini mengi. Watu waliokuja hapa kuchimba walikuwa maelfu kwa maelfu, kutoka kila pembe, na wengi waliondoka duniani bila hata mwenzao wa chumba kujua kwao wapi. Wanasema makaratasi ya zamani yapo Pretoria, kwenye jumba la nyaraka, na mtu yeyote anaruhusiwa kuomba.

Niandikie kila unachokijua. Alikuwaje? Alisema kwao wapi hasa? Na Bibi Mwantumu mwenyewe, wewe ulimkuta akiwa hai, alisemaje juu yake?

Mwanao,
Burhani


Ngamiani, Tanga
9 Oktoba 2016

Burhani baba,

Marahaba. Tumshukuru Mungu tumeamka. Umeme umekatika tangu jana na mimi nakuandikia dirishani kama mwanafunzi aliyechelewa na kazi ya nyumbani. Miaka thelathini na minne nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu, sasa naandika mwandiko wa kuku.

Haya, unachotaka. Alikuwa mrefu, mwembamba, kidole gumba cha kushoto hakina ncha, kililiwa na mashine. Akila pilipili anatokwa na machozi lakini haachi. Alisema kwao ni Amerika, kwenye mto mpana, baba yake mkulima wa tumbaku. Hayo ndiyo aliyosema yeye. Watu wa Muheza walikuwa na yao: wengine walisema ni Kaburu aliyekimbia baada ya vita vyao na Mwingereza, wengine walisema hata Mzungu kamili si Mzungu, jua lilimkubali mno. Wajerumani hawakumwalika mezani kwao. Alikuwa anakula kwa Bibi, kwenye mkeka.

Ulichouliza, Bibi alisemaje. Bibi alikuwa mtu wa maneno machache.

Mihogo mwaka huu imekuwa mizuri. Nimekukaushia kidogo, Karimu akikubali kuibeba utaiona. Ukipika usisahau kuiloweka kwanza, nakujua wewe na haraka zako.

Nenda Pretoria.

Shangazi yako,
Mwanaharusi


Rosettenville, Johannesburg
14 Machi 2017

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Mwezi wa pili mtaani kwetu palikuwa na fujo, nyumba zikachomwa, siku kadhaa hatukufungua duka. Sisi hatukuguswa. Marcellin alikaa mlangoni na mkasi wa kukatia vitambaa, na mtu mwenyewe anaogopa mende. Mihogo ilifika. Niliiloweka.

Nimekwenda Pretoria mara nne. Unaingia, unaonyesha kitambulisho, unajaza fomu, unapewa meza. Kuna mama mmoja pale, mpole sana, kanifundisha kutafuta. Mara ya nne akaniletea faili jembamba la mirathi. Edwini Toliva, fundi mitambo wa mgodini, alifariki Oktoba 1918 kwa ile homa kubwa iliyoua watu dunia nzima. Kuna karatasi tatu humo. Ya mgodi inasema amezaliwa Amerika. Ya pili, ya kuingilia nchini, inasema amezaliwa kisiwa cha Mtakatifu Helena, huko katikati ya bahari ya magharibi. Mtu mmoja, kidole gumba kimeandikwa kwenye hizo zote mbili. Yule mama akacheka, akasema wapo wengi wa namna hiyo, kila meza waliyoketi walikuwa na kwao kwingine.

Lakini unalolitaka limo. Kwenye karatasi ya tatu, taarifa ya kifo, imeandikwa dini yake: Mwislamu. Na pembeni, Nuhu.

Mwambie Maalim.

Mwanao,
Burhani


Ngamiani, Tanga
22 Mei 2017

Burhani! Burhani wangu!

Leo sina salamu ndefu, salamu ni hii. Alhamisi Maalim Othmani kasoma "Kasimu bin Nuhu." Kwa sauti yake ileile ya puani. Watu wakaitikia kama walivyoitikia kwa wengine wote, na mimi nyuma ya pazia nililia mpaka binti mmoja akaniletea maji. Nilipika pilau ratili kumi, ng'o, halikubaki hata ukoko.

Wewe ni mtoto. Mbaraka kaka yangu angekuwa hai angekubeba begani na ukubwa wako huo.

Jambo moja dogo. Maalim anaomba nakala ya hiyo karatasi, aibandike kwenye daftari, asije mtu baada yake akauliza. Itoe kivuli kwa mashine, umpe Karimu.

Goti halijapona, lakini sijali.

Shangazi yako mwenye furaha,
Mwanaharusi


Ngamiani, Tanga
30 Novemba 2017

Burhani,

Je, u mzima? Karimu amerudi mara mbili, mikono mitupu. Anasema umemwambia "safari ijayo." Anasema umekonda.

Maalim ameuliza tena ile nakala.

Wale pacha wameanza kutembea, mmoja ameanguka kwenye karo langu akatoka na nundu. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanaharusi


Rosettenville, Johannesburg
11 Februari 2018

Shangazi,

Shikamoo. Natumai mwili una nafuu na nyumba ina amani. Huku mvua za msimu wa joto zimekuwa kubwa, za radi, kila alasiri. Sina habari nyingine ya kutanguliza, na kila nikiirefusha salamu najiona mwoga zaidi.

Nakala haipo kwa sababu maneno yale, Mwislamu na Nuhu, hayapo. Taarifa ya kifo haina hata mahali pa kuandika dini. Iliandikwa na mwenye nyumba aliyopanga. Imejazwa hivi: Jina, Edwini Toliva. Mahali alipozaliwa, haijulikani kwa hakika. Mke, hana. Watoto, hana.

Watoto, hana. Nimeiona kwa macho yangu, wino mweusi, mwandiko mzuri kabisa. Nilikaa pale mezani mpaka yule mama akaja kuniuliza kama naumwa. Sikuweza kukuandikia neno lile. Nikaandika uongo, nikampa Karimu, na njiani kurudi chumbani nilijisikia nimefanya wema.

Lakini si hilo tu, shangazi. Ngoja nimalize lote leo, kesho sitaweza.

Ili uingie mle ndani unaonyesha kitambulisho. Mimi changu kinasema naitwa Théodore, Mrundi, mzaliwa wa Bujumbura. Nilipofika Sauzi, waliokuja kutoka kwenye vita walipewa karatasi za ukimbizi, sisi Watanzania tulirudishwa. Nikafundishwa na wenzangu majina ya mitaa ya Bujumbura, milima, shule, nikaenda ofisini nikayasema. Karatasi nikapata. Tangu hapo mimi ni Théo. Marcellin ananiita Théo, ananigombeza siendi misa. Ijumaa nasema nakwenda kununua nyuzi, kumbe naswali msikiti wa mbali ambako hakuna anayenijua. Siku moja Marcellin kaniambia, "Théo, nikikuitaka unageukaka nyuma ya wakati, sawa vile jina inatoka mbali." Nilicheka. Shangazi, mji mzima huu, watu mamilioni, anayeniita Burhani ni Karimu peke yake, mara tatu kwa mwaka, getini.

Basi nikiwa pale na faili la Toliva mbele yangu nikawaza: baada ya miaka mia akija mtu wetu kunitafuta, ataletewa faili jembamba. Atakuta Théodore wa Bujumbura. Mke, hana. Watoto, hana.

Na mimi ninaye. Anaitwa Lesedi, ana miaka kumi na nne mwezi huu. Mama yake ni Dikeledi Molefe, wa Meadowlands, Soweto, niliishi naye miaka mitano bila ndoa, tukaachana. Siku ya kuandikisha mtoto nilisimama pale mlangoni na karatasi ya Théodore mfukoni. Jina lile la uongo sikutaka mwanangu alibebe, na la kweli sikuthubutu kulitaja. Nikanyamaza. Nikajiona muungwana. Mtoto akaandikwa Molefe, jina la mama yake. Kila mwezi nampelekea vitu, ananiita Papa Théo. Hata mama yake hajui.

Nilikusoma ukilia kwa ajili ya Kasimu bin Mwantumu, na mimi huku nimemtengeneza mwingine.

Mwambie Maalim afute. Usiponijibu nitaelewa.

Burhani


Ngamiani, Tanga
6 Mei 2018

Burhani,

Salamu nimezipata. Mimi ni mzima.

Barua yako nimeikalia miezi. Kwanza niliikunja nikaitia kabatini chini ya kanga. Nikasema huyu si wangu. Nikakutukana peke yangu jikoni, matusi mengine nilikuwa sijayatumia tangu nistaafu. Kumuuzia mtu mzima uongo kwa ajili ya marehemu! Mpaka nikapika pilau!

Kisha nikaona nisikuache uamini kwamba umenidanganya. Hukunidanganya. Barua yako ya ile Machi nilijua ni uongo kabla sijageuza ukurasa.

Uliniuliza Bibi alisemaje, nikakwambia alikuwa wa maneno machache. Ni kweli, lakini hayo machache aliniambia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, namsuka nywele. Akasema, "Hapakuwa na ndoa, mjukuu wangu. Alisema atasilimu akirudi. Nuhu ni jina nililomchagulia mimi, limsubiri." Basi. Akaniambia nibane vizuri nyuma. Mimi nimelibeba hilo miaka sitini na kitu. Nilitaka niletewe karatasi ya Wazungu iwe na nguvu kuliko kinywa cha bibi yangu. Wewe ukaniletea. Maalim aliposoma "bin Nuhu" nililia kwa furaha ya kweli kwa jambo ambalo si la kweli, na usiku ule sikupata usingizi.

Nikuambie na hili, kwa kuwa siku hizi tunaambizana. Mwaka 1965 alikuja mtu wa Pangani kunichumbia. Mwalimu mwenzangu. Nilimpenda, Burhani, mimi unayeniona hivi. Wazee wake wakauliza ukoo, wakaambiwa, wakarudisha maneno kwamba mambo yamesitishwa. Hawakusema sababu, ila mji mzima ulijua. Sikuolewa tena. Kwa hiyo usidhani nilikuwa natafuta jina la kupamba daftari. Nilikuwa natafuta kitu cha kuwaonyesha watu wa Pangani, na wote wamekwisha kufa.

Alhamisi ilikuwa hitima. Kabla hawajaanza nilitoka nyuma ya pazia nikaenda mpaka barazani kwa wanaume, na goti langu hili. Nikamwomba Maalim daftari na kalamu. Alidhani nimechanganyikiwa. Nikakata "Nuhu" kwa mstari mmoja, nikaandika "Mwantumu" kwa mwandiko wa ubaoni, mkubwa. Nikawaambia: baba yangu alilelewa na mwanamke huyu peke yake, alilima, alisuka ukili, alimsomesha chuoni, hakumwacha hata siku moja. Msomeni hivyo na msome kwa sauti. Nikarudi kwenye nafasi yangu. Walisoma kwa sauti.

Sasa wewe. Uongo wa karatasi umekwisha. Hilo la Bujumbura ni lako na Mungu wako na hiyo serikali. Kilichoniuma kuliko yote si hayo. Mimi sina mtoto, sina mjukuu, jioni naongea na pacha wa jirani kupitia ua. Kumbe nimekuwa bibi miaka kumi na minne na hukuniambia. Nimesoma jina lake mara nyingi mpaka karatasi imechanika pale: Lesedi.

Mtoto yule anampenda mtu asiyekuwepo. Nenda kamwambie jina lako. Usimpelekee kitu chochote siku hiyo, nenda mikono mitupu umwambie. Na usiniandikie mpaka uwe umekwenda.

Shangazi yako,
Mwanaharusi


Rosettenville, Johannesburg
22 Januari 2019

Shangazi,

Shikamoo. Utaona tarehe, utajua mwenyewe. Miezi minane. Mara tatu nilikwenda hadi Meadowlands, nikafika kwenye robot, taa za barabarani, ya mwisho kabla ya mtaa wao, taa ikawa kijani watu wote wakavuka, mimi nikageuza. Mara ya nne ilikuwa Jumapili hii iliyopita. Nilivuka.

Kwanza nilimwambia Dikeledi, jikoni. Alikuwa anaosha vyombo, akaendelea kuviosha mpaka vikaisha vyote, akaanza kuosha vilivyokuwa safi. Kisha akasema, "Eish. Miaka mitano." Akatoka akamwita Lesedi, yeye akabaki uani.

Lesedi Kiswahili hana, shangazi, hilo pia ni kosa langu. Sikumfundisha kwa kuogopa atamwambia mtu Kiswahili changu si cha Burundi. Tulisema Kiingereza. Amekuwa mrefu, ananipita begani. Nikamwambia mimi si Théodore na si Mrundi, nikamwambia Tanga, nikamwambia wewe. Hakulia. Alinitazama kama anayetazama mtu kwenye dirisha la duka, akitafuta bei. Akauliza, "Mimi ni nani, sasa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikamwambia mwezi wa tatu nakwenda ofisini kusema ukweli, itakavyokuwa na iwe. Nikamwambia wakiniacha nibaki, jina langu la kweli nitampa, tutamwandikisha upya, awe na baba kwenye karatasi. Maneno hayo niliyafanyia mazoezi tangu Krismasi mbele ya cherehani.

Akasema hapana.

Akasema, "Mimi ni Molefe. Mama alikuwepo." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekukumbusha mahali choo kilipo. Nikasema sawa. Shangazi, nilitamani sana aseme ndiyo, sijapata kutamani kitu namna ile, na hapohapo nikajua kwamba amesema kweli tupu.

Akatoa simu yake akasema, "Lako, basi. Lote." Nikamtajia: Burhani wa Mbaraka wa Kasimu. Akawa anaandika, ananiuliza herufi. Akauliza, "Na Kasimu wa nani?" Nikasema wa Mwantumu. Nikamwambia ni mwanamke. Akainua macho, akanitazama kidogo, akaandika na hilo.

Ofisini sijui watanifanyaje. Wakinirudisha nitakuja huko na begi moja, utanipokea au utanitukana, nimekubali vyote. Marcellin nimemwambia jana. Alikaa chini kwenye robota la vitambaa, akasema, "Kwa hiyo nimekuombeaka miaka yote kwa jina ya mtu mwingine." Kisha akauliza mimi ni mtu wa chai au kahawa, kama vile ndiyo kwanza nimefika.

Lesedi alinisindikiza mpaka getini. Sikujua mikono niiweke wapi kwa kuwa sikuwa na mfuko. Nilipofika barabarani aliniita. Hakuniita baba, shangazi. Aliniita Burhani, polepole, kama anayejaribu maji kwa kidole, na mimi niligeuka papo hapo.

Ameniambia nije tena Jumapili saa nne, nisichelewe.

Mwanao,
Burhani